Matundu Manne

Nembo imefika na treni ya Jumanne,
imefungwa gazeti, gazeti limetiwa soksi,
soksi imeshindiliwa kopo la maziwa ya unga.
Karani wa vifurushi pale stesheni ya Tabora
alilitikisa sikioni. "Ni saa?"
Nikamwambia ni uso.

Uso wa Datsani yako, baba,
milango miwili, mgongo wa kuchutama,
nyekundu iliyochoka kama tofali la Isevya.
Siku ya arobaini, watu wakila pilau uani,
mmoja alitoka na bisibisi bapa,
akaing'oa nembo ya boneti, akaenda zake kashiba.
Simjui. Pilau yetu anaijua.

Fundi Kapaya wa Kanyenye alishauri gundi:
paka, bandika, lala, asubuhi imeshika.
Nilimsikiliza hadi mwisho.
Lakini mimi ni binti wa mtu
aliyeunga behewa na behewa miaka thelathini,
aliyesema kitu kisicho na nati
kinakaa kwako kwa hisani yake.

Basi nikaigeuza nembo: miguu miwili,
myembamba kama miba ya nungunungu, hesi mpaka ncha.
Nikapima kwa rula ya shule ya Mwashi:
kati ya mguu na mguu, milimita hamsini na nane.
Matundu ya boneti: themanini na nne.
Nikapima tena. Nikaifuta rula. Nikapima tena.
Muuzaji nikamtukana kwa Kinyamwezi,
taratibu, majirani wasisikie.

Kisha nikaingiza kichwa na tochi chini ya boneti.
Katikati ya matundu mawili, mabaka mawili ya risasi,
yamesuguliwa msasa na mkono usio na haraka,
na kando, kwa penseli ya seremala, mwandiko wako:
*84. Si yake. Itafaa.*

Si yake!
Miaka yote ile, Cheyo hadi Kiloleni,
watu wakisimama kuitazama,
nawe ukiipangusa kumbikumbi kwa pindo la shati,
ilikuwa nembo ya pikapu.
Pikapu ya kubebea tumbaku, labda, huko Urambo.
Ile ya kwanza ilikwenda wapi, hukusema.
Na wewe ulikula pilau ya nani, hukusema.

Nikatoboa mabaka yako kwa keekee. Samahani.
Risasi ikatoka nyuzi nyuzi,
matundu ya kiwandani yakaonekana, yana kutu.
Nikakwangua, nikapitisha spiriti,
nikatia rangi ya kuzuia kutu kwa njiti ya kiberiti,
nikala karanga hadi ikauke.
Nikakata washa mbili kwenye tyubu ya baiskeli.
Nta ya Sikonge nikaikanda mpaka ikatii,
nikaizungushia miguu, maji ya masika yakose njia.
Nembo ikaingia. Haikubishana.
Chini yake mpira, washa ya chuma, nati,
vidole kwanza, kisha spana namba saba,
robo huku, robo kule,
maana ukikaza upande mmoja uso wote unapinda.
Ilipogoma, nikaacha.
Hapo wewe ungeongeza robo moja
na hesi ingekatika.
Nikapandisha nati ya pili juu ya kila moja, ziumane.

Mwashi akagusa matundu yako yaliyobaki pembeni,
kama matobo ya hereni. "Haya huyazibi?"
Nikayatia nta tu. Risasi ninayo, imo kabatini.
"Na mwizi akirudi?"
Lazima afungue boneti, nikasema,
waya wa boneti uko ndani ya gari,
na ufunguo wa mlango uko shingoni mwangu.

Usiku mvua ikashuka.
Nikatoka na tochi, khanga kichwani,
nikapapasa chini ya boneti:
nati kavu, nati kavu.
Chini ya mwandiko wako nikaandika *58*.
Nikaanza neno la pili.
Penseli ya Mwashi ikakatika ncha.